Mubashara, rekodi au mchanganyiko: idara ichague nini kwa kozi ya mtandaoni

Idara nyingi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki sasa zina kozi ambayo mwanafunzi anaweza kuimaliza akiwa kwao, akafika chuoni mara mbili tatu kwa muhula au asifike kabisa. Machi 2020, vyuo vilipofungwa Tanzania, Kenya na Uganda, kila mhadhiri alifundisha kwa alichokuwa nacho mkononi, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini dharura ile imepita. Kenya ina Chuo Kikuu Huria kilichopewa hati Agosti 2023, makao yake Konza, ambacho kufundisha kwake ni kwa mtandao. Tanzania imekuwa na Chuo Kikuu Huria tangu sheria yake ilipopitishwa 1992. Mwanafunzi wa mtandaoni analipa ada, pengine kwa kuuza mbuzi au kukopa, na shahada yake inatarajiwa kubeba uzito ule ule wa shahada ya aliyekaa ukumbini. Anastahili kufundishwa kwa njia ambayo idara imekaa chini ikaichagua.

Njia zenyewe, ukiondoa mapambo, ni tatu. Kuna darasa mubashara: mhadhara wa ukumbini unahamia Zoom, Google Meet au BigBlueButton, kwa saa ile ile ya ratiba. Kuna kujisomea kwa ratiba: video fupi, maandishi, majaribio na kazi ya kila wiki ndani ya Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, au mfumo kama huo. Hapo kila mtu anaingia kwa muda wake, ila tarehe ya kukusanya kazi ni moja kwa wote. Na kuna mchanganyiko, yaani sehemu kubwa mtandaoni, kisha siku kadhaa za ana kwa ana chuoni au kwenye kituo cha mkoa.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asiutafute. Kwa kozi nyingi za shahada ya kwanza zenye wanafunzi zaidi ya mia, ningechagua kujisomea kwa ratiba, nikaongeza kipindi kifupi cha mubashara kila wiki, na mtihani wa mwisho ukafanyika kituoni mbele ya msimamizi. Kinachonifanya niseme hivyo ni kimoja: ubora wa kozi upo pale kazi ya mwanafunzi inaposomwa na mtu na kujibiwa. Njia inayomwachia mhadhiri saa za kusoma na kujibu inalinda ubora. Njia inayommaliza kwa kuongea, hata akiongea vizuri namna gani, inauacha ubora mikononi mwa bahati.

Hesabu saa za mwanafunzi kwanza

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120 za kazi ya mwanafunzi. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, unapata saa 8 kila wiki. Huo ndio mkataba kati ya chuo na mwanafunzi, na ndio kipimo ninachoanza nacho ninapolinganisha njia hizi.

Darasa mubashara linajaza saa 2 kati ya hizo 8. Saa 6 zilizobaki mwanafunzi anafanya nini? Chuoni, jibu lilikuwa linajitokeza lenyewe kwa kiasi fulani: maktaba, semina, na vimbweta vile vya saruji ambako wanafunzi huketi hadi usiku wakibishana juu ya swali la mtihani uliopita. Mwenye kuelewa anamweleza asiyeelewa, na wote wawili wanatoka wameelewa zaidi. Mwalimu wa sekondari anayesoma shahada akiwa kazini Mpanda hana kimbweta. Ana simu janja, ana madaftari ya kusahihisha ya wanafunzi wake mwenyewe, na ana saa moja na nusu baada ya watoto kulala. Kozi isipomwambia afanye nini katika saa hizo sita, hatafanya kitu, na si kwa uvivu.

Kujisomea kwa ratiba kunalazimisha idara iandike saa zote 8: dakika 25 za video, saa 2 za kusoma, jaribio la dakika 20, saa 3 za kazi ya wiki, saa 1 ya majadiliano, na kadhalika. Ni kazi ngumu ya kupanga, na ndiyo maana wengi wanaikwepa. Ila mkuu wa idara anayetaka kujua ubora wa kozi ya mtandaoni kabla haijaanza, aombe ukurasa mmoja tu wenye mgawanyo huo wa saa kwa wiki ya nne. Asipoletewa, kozi bado haipo.

Bando linaamua nani yupo darasani

Hili watu hulitaja harakaharaka wakapita, nami naona linahitaji hesabu. Chukua video ya kundi inayotumia megabiti 1 kwa sekunde, kiasi cha kawaida cha picha isiyo kali sana. Saa moja ni MB 450. Video ya rekodi iliyobanwa kwa kilobiti 500 kwa sekunde inatosha kabisa kuonyesha slaidi na sauti safi. Sauti peke yake inakwenda kwa kilobiti 64, na ya kurekodi hata kwa 32. Kwa kozi moja, kwa wiki moja:

| Namna | Data kwa wiki |
|---|---|
| Mubashara kwa video, saa 2 | MB 900 |
| Mubashara kwa sauti tu, saa 2 | MB 60 hivi |
| Video fupi nne za dakika 6, na maandishi | MB 95 hivi |
| Rekodi za sauti za muda huo huo, na maandishi | MB 11 hivi |

Sasa mpe mwanafunzi kozi tano na wiki 15. Mubashara kwa video inafika zaidi ya GB 67 kwa muhula. Video fupi na maandishi inakaa GB 7. Tofauti hiyo kwa mtu anayenunua bando la siku kwa siku ni tofauti ya kusoma na kuacha. Tena rekodi anaweza kuipakua mara moja akiwa penye mtandao mzuri, akaisikiliza mara tatu umeme ukiwa umekatika. Mhadhara wa mubashara uliompita kwa sababu transfoma ya mtaa imeungua umempita, labda ukirekodiwa, na ukirekodiwa basi umeshakuwa rekodi, tena rekodi ndefu na mbaya.

Vyuo vilivyounganishwa kwenye mitandao ya elimu kama TERNET, KENET na RENU vina intaneti ya kutosha chuoni. Mwanafunzi wa mtandaoni hayupo chuoni. Tusimpime kwa kasi ya ofisi ya mhadhiri.

Mubashara inashinda wapi

Inashinda pale watu ni wachache na kazi yenyewe ni kuongea. Semina ya uzamili ya watu 12 wakijadili sura ya tasnifu ya mwenzao, hakuna rekodi itakayoshindana nayo. Mazoezi ya kutetea hoja kwa wanafunzi wa sheria, darasa la kuzungumza Kifaransa au Kichina, utetezi wa pendekezo la utafiti: yote haya yanahitaji jibu papo hapo, na yanahitaji mtu aone amesitasita wapi. Mubashara inasaidia pia wiki ya kwanza ya muhula, kwa sababu mwanafunzi aliyemwona mhadhiri wake akicheka na kumtaja kwa jina huandika ujumbe wa kuuliza mapema kuliko yule anayemjua kwa herufi tu.

Lakini mhadhara wa saa mbili kwa watu 250 waliozima kamera? Mhadhiri anaongea na skrini nyeusi. Anauliza "tuko pamoja?" na mmoja anaandika "ndiyo mwalimu", basi anaendelea. Mwishoni anapakua orodha ya walioingia na kuiita mahudhurio. Nimeona ripoti za ubora zinazotumia orodha hiyo kama ushahidi kwamba kozi imefundishwa. Inathibitisha simu 250 ziliunganishwa, na wengine kati ya wenye simu hizo wako kwenye daladala.

Ukilazimika kubaki na mubashara kwa darasa kubwa, ikate iwe dakika 40, uifanye ya maswali, na watu waje wakiwa tayari wamesoma. BigBlueButton ina kura za papo hapo na vyumba vidogo vya vikundi, na tangu Moodle 4.0 ya mwaka 2022 kiunganishi chake kimo ndani ya Moodle yenyewe, ingawa darasa kubwa bado linahitaji seva ya kuiendesha. Tumia hivyo viwili. Kura moja kila dakika kumi inamwambia mhadhiri ukweli ambao "tuko pamoja" haitamwambia kamwe.

Rekodi: nguvu yake, na ugonjwa wake

Philip Guo na wenzake walichapisha 2014 uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Walikuta video fupi, za dakika 6 kushuka chini, ndizo zilizoshika watazamaji zaidi, na urefu wa video ulikuwa ishara kubwa ya nani ataendelea kutazama. Kwa hiyo mhadhara wa saa mbili usirekodiwe kama ulivyo. Vunja wazo moja moja, kila wazo video yake, na jina la video liseme kilichomo: "Kwa nini wastani unaweza kudanganya" ni bora kuliko "Mhadhara 3B". Kipaza sauti cha bei nafuu kina faida kuliko kamera ya bei ghali. Mwanafunzi atavumilia picha hafifu. Sauti inayokwaruza hataivumilia.

Ugonjwa wa njia hii ni kugeuka ghala. Unafungua Moodle ya kozi unakuta mafaili 40 ya PDF, slaidi za miaka kadhaa nyuma, kiungo cha video kilichokufa, na jukwaa la majadiliano lenye ujumbe mmoja wa mwanafunzi unaouliza mtihani ni lini. Hakuna aliyemjibu. Hiyo haifundishi mtu, hata kama kila faili ndani yake ni zuri.

Na tusidhani kwamba ubora wa maudhui utatuokoa. Kozi huria za MIT na Harvard kwenye edX zilitengenezwa na walimu mahiri kwa fedha nyingi. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walionyesha katika jarida la Science mwaka 2019 kwamba katika mwaka wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya wote waliojiandikisha. Wengi hawakuwa na nia ya kumaliza, hilo kweli. Bado linatufundisha kwamba video nzuri peke yake haimfikishi mtu mwisho. Kinachomfikisha ni kazi yenye tarehe na mtu anayeisubiri.

Upo pia ushahidi kuhusu kazi yenyewe. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi makala za kusoma. Wengine walizirudia kuzisoma, wengine walijaribu kuzikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka walikuwa wamewapita. Kozi yenye jaribio dogo kila wiki, hata la alama chache, inamlazimisha mwanafunzi kukumbuka. Ghala la PDF linamwachia asome na kusoma tena hadi ahisi anajua.

Kazi moja ya wiki moja, kwa karibu

Nieleze ninachomaanisha ninaposema kazi isomwe na ijibiwe. Tuchukue kozi ya utangulizi wa takwimu, wiki ya tatu, mada ni vipimo vya kati. Kazi ya wiki ni hii: tuseme bei ya gunia la mahindi katika soko la nafaka kama la Kibaigwa kwa siku saba ilikuwa shilingi 70,000, 72,000, 71,000, 69,000, 70,000, 73,000 na 135,000. Mkulima anakuuliza ategemee bei gani. Mjibu kwa aya moja, uonyeshe hesabu.

Wengi watajumlisha, wapate 560,000, wagawe kwa 7, wapate 80,000, waandike: "Mkulima ategemee shilingi 80,000." Hesabu haina kosa hata moja. Jaribio la kuchagua A, B, C lingempa alama zote. Na bado mkulima aliyepeleka gunia sokoni akitegemea bei hiyo angevunjika moyo siku sita kati ya saba.

Hapo ndipo mrejesho unapofanya kazi. Mrejesho wa kwanza ninaouona mara nyingi ni "Vizuri, ila jitahidi zaidi." Mwanafunzi hana la kufanya na maneno hayo. Mrejesho wa pili ni huu: "Hesabu yako ni sahihi. Sasa rudi kwenye orodha uhesabu ni siku ngapi bei ilifika 80,000. Kisha panga bei kutoka ndogo hadi kubwa, uangalie iliyo katikati, uniambie ipi ungempa mkulima na kwa nini." Ni sentensi tatu. Mwanafunzi anarudi, anakuta siku ni moja tu, anapanga, anaona 71,000 ipo katikati, na kuanzia siku hiyo hatautazama wastani kwa macho yale ya zamani. Hicho ndicho chuo kikuu kinachouza. Kinaweza kufanyika mtandaoni kikamilifu, kwa maandishi, bila hata sekunde moja ya video, mradi kuna mtu aliyelipwa kukifanya.

Saa za mhadhiri: hapa mipango mingi inavunjika

Darasa la watu 300, dakika 5 kwa kila kazi, ni dakika 1,500, sawa na saa 25 kwa wiki kwa kozi moja. Haiwezekani, na mkuu wa idara anayedai hivyo anamfukuza mhadhiri kwenye fani. Lakini yapo yanayowezekana, na ninayapendekeza kwa mpangilio huu.

Kwanza, wape kazi kwa vikundi vya watu watano wiki nyingi za muhula. Vikundi 60 kwa dakika 5 ni saa 5. Pili, wiki ambazo kazi ni ya mtu mmoja mmoja, mhadhiri asome kwa makini kazi 30 zilizochaguliwa bila mpangilio, kisha aandike ukurasa mmoja wa mrejesho wa pamoja: makosa matatu yaliyojirudia, mfano wa jibu zuri, na swali la kurudia. Wote 300 wanaupata ndani ya siku nne. Mrejesho unaofika baada ya wiki tano ni kumbukumbu tu, mwanafunzi ameshasonga mbele na kosa lake. Tatu, majaribio ya hesabu na istilahi yasahihishwe na mfumo wenyewe. Moodle inafanya hivyo vizuri, na mhadhiri anabakiza nguvu kwa yale ambayo mashine haiwezi kuyaona, kama yule mkulima.

Nne, na hapa napaza sauti, wakufunzi wasaidizi wahesabiwe kwenye bajeti. Vyuo vingi vinaona kozi ya mtandaoni kama njia ya kusajili wengi zaidi kwa gharama ile ile. Ukumbi ulikuwa na viti 200, mtandao hauna viti, basi tusajili 600. Ada za wale 400 zinaingia, ila hakuna msomaji wa kazi zao aliyeongezwa. Uamuzi huo, kuliko programu yoyote mbaya, ndio unaoshusha hadhi ya shahada za mtandaoni. Waajiri wanapozitilia shaka, anayeumia ni yule mwalimu wa Mpanda aliyesoma usiku kwa miaka mitatu.

Darasa mubashara linaonekana rahisi kwa mhadhiri kwa sababu kazi yake inaisha saa mbili zikiisha. Kujisomea kwa ratiba kunamtaka afanye kazi nzito kabla ya muhula kuanza, pengine miezi miwili ya kuandaa, kisha saa zake za muhula zihamie kwenye kusoma na kujibu. Chuo kisichompunguzia mzigo katika miezi hiyo ya maandalizi kisitegemee kozi nzuri.

Mchanganyiko: mzuri, mradi siku za ana kwa ana zisipotezwe

Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa mapitio ya tafiti nyingi yaliyoonyesha kwamba wanafunzi waliochanganya mtandao na ana kwa ana walifanya vizuri kidogo kuliko waliosoma ana kwa ana tu. Watu hunukuu hapo wakaishia. Waandishi wenyewe waliongeza kwamba waliochanganya mara nyingi walipewa pia muda zaidi na nyenzo zaidi. Kwa lugha nyingine, waliongezewa chakula, tusikisifie chungu.

Mchanganyiko una gharama ambayo makaratasi ya chuo hayaioni: nauli ya basi, nyumba ya wageni, ruhusa ya kazini, mtoto wa kuachiwa shangazi. Kwa hiyo siku hizo nne au tano zikitumika kusoma slaidi, tumemwibia mwanafunzi. Zitumike kwa kile ambacho simu haiwezi: maabara, vifaa, uwasilishaji wa kazi, kutatua maswali magumu ubaoni kwa pamoja, na kumweka kila mwanafunzi katika kikundi cha watu wanaoishi mkoa mmoja ili wajue sura za wenzao. Kikundi hicho ndicho kitakachoendelea kwenye WhatsApp baadaye, na kitabeba watu wengi kuliko jukwaa lolote rasmi.

Kwa fani za vitendo hakuna mjadala. Uuguzi, kemia, uhandisi, kilimo: nadharia inaweza kwenda mtandaoni, lakini mikono lazima iguse. Maabara za kuiga kwenye kompyuta zinafaa kwa maandalizi, mwanafunzi afike anajua hatua. Mtu asipewe shahada ya kemia hajawahi kushika bureti.

Mitihani: chaguo la pili ndani ya chaguo la kwanza

Kozi inaweza kufundishwa vizuri halafu ikaharibiwa na mtihani. Hapa pia kuna njia tatu, na siziweki daraja moja.

Programu za kumchunga mwanafunzi kwa kamera akiwa nyumbani sizipendekezi. Zinadai intaneti isiyokatika kwa saa tatu, kompyuta mpakato, na chumba cha peke yake chenye mwanga. Ni wanafunzi wangapi wa mikoani wana vyote vitatu? Teknolojia ya nyuso nayo ina historia yake: utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulipima mifumo ya kibiashara inayobashiri jinsia kwa uso, ukakuta makosa yanafika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Na huko Marekani, Agosti 2022, jaji wa shirikisho Ohio aliamua kwamba Cleveland State University ilivunja katiba kwa kumtaka mwanafunzi azungushe kamera kuonyesha chumba chake kabla ya mtihani. Sisi nasi tuna haki ya faragha ya nyumba zetu.

Mtihani wa vitabu wazi unafaa kwa maswali ya kufikiri, kama lile la bei ya mahindi likipanuliwa. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hata hivyo, insha ya nyumbani peke yake haimthibitishi mwandishi wake. Jibu la haraka la vyuo vingi ni kununua kigunduzi cha akili mnemba. Nawasihi wasikitumie kama ushahidi. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, yenyewe iliondoa kigunduzi chake Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine. Fikiria mwanafunzi wetu aliyejifunza Kiingereza darasani, anayeandika sentensi fupi salama kama alivyofundishwa. Huyo ndiye atakayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kinachofanya kazi ni kuongea naye. Dakika 10 za maswali kuhusu kazi yake mwenyewe: kwa nini ulichagua njia hii, nini kingebadilika bei ya siku ya saba isingekuwepo? Kwa watu 300 ni saa 50, nyingi mno, lakini mmoja kati ya watano kwa bahati nasibu ni saa 10, na kila mtu akijua anaweza kuitwa ataandika kwa namna nyingine. Hata simu ya kawaida inatosha.

Mtihani wa mwisho uwe kituoni. Vituo vya mikoa vya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vimeonyesha kwa miaka mingi kwamba inawezekana mtu wa Songea na wa Bukoba wakafanya karatasi moja siku moja bila kupanda basi la Dar es Salaam. Chuo kisicho na vituo kiombe kutumia vya wenzake au shule za sekondari. Ni njia ya zamani, na ndiyo ninayoiamini zaidi.

Basi nani achague nini

Uzamili, chini ya watu 20, wote wana intaneti ya kazini: mubashara, na usomaji mzito kabla ya kipindi. Shahada ya kwanza, watu 100 na zaidi, wengi wako kazini au mikoani: kujisomea kwa ratiba, dakika 40 za maswali kila wiki, mtihani kituoni. Fani ya vitendo: mchanganyiko, siku za ana kwa ana ziwe za maabara. Mwaka wa kwanza wa kozi yoyote, hasa kwa vijana waliotoka kidato cha sita moja kwa moja, ongeza siku za ana kwa ana, kwa sababu kupanga muda wako mwenyewe ni ujuzi na bado hawajafundishwa. Idara yenye mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 600 na hakuna mkufunzi msaidizi hata mmoja: punguza usajili kwanza, chaguo lije baadaye.

Mkishachagua, msisubiri dodoso la mwisho wa muhula kujua kama mmechagua vyema. Wanaolijaza ni waliobaki. Wiki ya nne, fungueni Moodle mhesabu wangapi wamekusanya kazi zote, wangapi zimewapita mbili mfululizo, na mrejesho ulichukua siku ngapi kuwafikia. Kila aliyekosa kazi mbili apigiwe simu na mtu wa idara wiki hiyo hiyo, kwa namba aliyoandika kwenye fomu ya usajili, aulizwe kilichomkwamisha. Wengine watasema bando, wengine ugonjwa, wengine watasema hawakujua pa kubofya. Kila jibu lina dawa yake, na wiki ya nne bado kuna muda wa kuitoa.